Nilimliza Mwalimu Mkuu Milele Mbele ya Mkwe

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Posa ya mwanaume mwenzangu nusura ivunjike kwa sababu ya mchezo wa watoto, na aliyewafundisha watoto ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Tabora, Mnyamwezi. Mwalimu Mkuu wetu ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Utani huu tumeurithi tangu enzi za misafara, naye huniita mpagazi wake hata mbele ya wanafunzi. Nikaapa kulipiza.

Nafasi ikaja nilipoanza kuwafundisha darasa la sita kutengeneza michezo kwenye kompyuta ya shule. Unapanga vipande vya amri, kimoja chini ya kingine, na kompyuta inatii. Tukatengeneza mwizi wa asali anayekimbizwa na nyuki. Mwizi nikambandika sura ya Mwalimu Mkuu. Kilio je? Kilikuwa kwenye simu yangu! Siku alipochomwa na nyuki ofisini alilia "Mama nakufa!" kwa muda mrefu, nami nikamrekodi kimyakimya.

Zuhura, mwanafunzi wangu, akauliza, "Mwalimu, alie mara ngapi?"

"Weka amri ya kurudia milele," nikajibu kwa mbwembwe. Amri yenyewe nilikuwa nimejifunza jana yake.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mwalimu Mkuu alikuwa amepeleka posa kwa binti mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, na jibu lilikuwa bado. Siku ya wazazi, ambayo watoto wangeonyesha mchezo wao, mama wa binti huyo akaja kwa ajili ya mjukuu wake. Nilimwona akiketi mstari wa mbele. Nikajisemea kwamba mtani hana ruhusa ya kukasirika. Jamani, utani na mkwe wapi na wapi!

Nyuki akamgusa mwizi. Spika ikalia, "Mama nakufa! Mama nakufa!" Watu wakacheka, wakachoka, wakanyamaza, spika ikaendelea. Nikabonyeza kila kitufe, sauti ikazidi. Mwalimu Mkuu akainama. Yule mama akajiziba mdomo kwa khanga, sikujua analia au anacheka.

"Zuhura, inazimwaje?" nikanong'ona.

"Mwalimu, si ulisema milele?"

Nikachomoa waya wa spika. Kompyuta ikaendelea kulia yenyewe, kwa kasauti kembamba.

Kompyuta ikafungiwa kabatini na watoto wakaninunia. Mwalimu Mkuu hakunisemesha kabisa. Hata kuniita mpagazi aliacha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilijua nikimkosesha mke, nimempoteza na rafiki.

Hatimaye jibu la posa likaja. Amekubaliwa, ila juu ya mahari mama anataka ndoo ya asali, na isiwe ya wizi.

"Mpagazi," Mwalimu Mkuu akaniambia, "faini hiyo ni yako. Nenda Sikonge kwenye mizinga."

Nilifurahi kuitwa hivyo mpaka machozi yakanilenga. Nikaenda. Huko porini nikajitia ujuzi, nikamsaidia mrina asali kufungua mzinga. Nilirudi na ndoo kichwani, jicho moja limefumbwa na uvimbe, na ndiyo, nyuki waliponichoma nililia nikimwita mama.

Kompyuta imerudi darasani. Mwizi sasa ana sura yangu iliyovimba, na picha aliipiga Mwalimu Mkuu mwenyewe.

Walimu wenzangu, kabla ya kumtania mtu ulizeni kama posa yake imejibiwa. Na jifunzeni amri ya kusimamisha kabla ya ile ya kurudia. Mimi nimembembeleza Zuhura kilio changu kiwe na mwisho. Amesema atafikiria.