Mahindi Yalichanua Vibarua Wakiwa Nyumbani

Shukrani zote ni kwa Mungu, anayetupa mvua na jua bila kutuuliza tumestahili nini.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana wa Bungoma niliyeajiriwa katika kituo cha utafiti wa mbegu huko Kitale. Nilikuwa nimerudi kazini baada ya kumzika shangazi. Niliingia shamba la majaribio. Mahindi yalikuwa yamechanua, nywele zimetoka, na hakuna hindi hata moja lililofunikwa.

Nikueleze kidogo. Ili mbegu ibaki safi, kila hindi changa hufunikwa kwa mfuko wa karatasi kabla nywele hazijatoka, lisiingiwe na chavua ya mahindi mengine. Kazi hiyo hutaka mikono mingi, na haingoji. Lakini vibarua walikuwa wamerudishwa nyumbani, fedha zao zikajenga geti la kituo. Watafiti waliostaafu hawakupata wa kushika nafasi zao. Alibaki Mama Nasimiyu peke yake, aliyeilea mbegu ile tangu ujana wake. Ilistahimili ugonjwa uliokuwa ukikausha mashamba ya Saboti, na akiba yote ya mbegu hiyo ndiyo tuliyokuwa tumepanda pale.

Meneja wa kituo alikuja, akatazama, akacheka. "Si mahindi ni mahindi, Mama? Vuneni tu. Nani atajua?"

Mama aliniagiza panga, akaanza kukata. Nilishtuka, nikamshika mkono, nikamsihi abakize hata mstari mmoja.

"Upi, kijana wangu? Nionyeshe ulio safi."

Niliuachia mkono wake.

"Mkulima haoni chavua," akasema. "Anaona mfuko wa mbegu, anatuamini, anapanda chakula cha watoto wake. Kata."

Tulikata mpaka jioni, ng'ombe wakala kazi ya maisha ya Mama. Alistaafu bila kuirudia, na ofisi yake ikafungwa. Hadi leo nikiona shamba limekauka, naikumbuka mbegu ile.

Mwanangu, ukikabidhiwa mali ya umma, uliza kwanza nani atakuwa shambani wiki ile mahindi yanapochanua. Ajiri kijana wakati mzee angali kazini, wafanye kazi pamoja, amwonyeshe. Na usimuuzie mkulima kitu usichokiamini, hata ukiamriwa.

Bwana akupe moyo wa kujali usiowajua, wewe unayesoma, na meza yako isikose chakula. Amina.