Bwawa la Fundi Breki

Fundi Breki alifanya kazi kwenye gereji ya malori tangu ujana wake hadi nywele zilipomtoka, na kazi yake ilikuwa breki tu. Injini aliwaachia wengine. Yeye alilala chali chini ya lori, akipapasa kila bomba na kila kiungo kwa kidole, na akiona tone la mafuta sakafuni, lori hilo haliendi popote. Dereva apige kelele, mwenye mali apige simu, yeye atajifuta mikono taratibu na kusema, "Kwenda kila gari linajua. Mimi nataka kujua kama linajua kusimama."

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa kando ya mto na aliogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Alipokuja mjini, maji yake yakawa ya ndoo. Siku za uchumba wao, kijana yule wa gereji alimwambia, "Ukikubali nikuoe, nitakuchimbia bwawa lako mwenyewe." Binti alicheka hadi chai ikampalia. Alikubali, lakini hakukubali kwa sababu ya bwawa, na wala hakulidai hata siku moja.

Ndiyo maana alishangaa pale mumewe alipostaafu, wakahamia kwenye kiwanja chao nje ya mji, na asubuhi moja akaona katapila linashuka bondeni nyuma ya nyumba. Dereva wake alikuwa mteja wa zamani wa gereji. Yeye na Fundi walisukuma udongo siku kadhaa, wakabishana, wakacheka, wakainua tuta kukatiza kijito. Mvua ziliponyesha, bonde likajaa. Mama, kama Fundi alivyomwita mkewe, alishuka na gauni la zamani, akaingia hadi kiunoni, akapotelea majini, kisha akaibukia mbali kule katikati akipiga kelele kama mtoto. Fundi alisimama ukingoni mikono kiunoni, meno yote nje.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikukosa wageni. Fundi alitengeneza mtumbwi wa mapipa, akaupaka rangi nyekundu, akaweka ukingoni benchi la kukalia wanaoogopa maji. Aliyefika mara nyingi zaidi alikuwa mdogo wake Mama, aliyeishi bondeni chini ya tuta, na bustani yake ya kabichi na kuku wake. Huyo shemeji na Fundi hawakuweza kukaa dakika tano bila kutaniana.

"Shemeji, bwawa lako ni zuri," alimwambia siku moja, "ila wewe mwenyewe umekaa kama askari wa zamu. Ingia basi majini!"

"Mimi ni mwenyeji. Mwenyeji haogi mbele ya wageni."

Baadaye Fundi akapandikiza samaki. Pembeni mwa tuta alikuwa ameacha mfereji wa kupitishia maji yanayozidi, na siku moja akawaona samaki wake wakiondoka kupitia hapo bila hata kuaga. Akauziba mfereji kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. "Nimewafungia breki," akamwambia mkewe, akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Mama ndiye aliyegundua unyevu. Kwenye kitako cha tuta, upande wa chini, nyasi zilikuwa mbichi kuliko penginepo, na viatu vyake vilizama kidogo.

"Fundi, njoo uone. Hapa panavuja."

Fundi alikuja, akabonyeza kwa kisigino. "Hapavuji. Ni jasho tu. Tuta lolote linatoka jasho."

"Jasho gani halikauki jua likiwaka?"

"Mama Watoto, hii ni tani ngapi za udongo? Itaenda wapi?"

Mama alimkazia macho. "Lori likiacha tone moja sakafuni ulikuwa hulitoi nje ya geti. Leo tuta lako linalowanisha miguu yangu, unaniambia jasho."

Fundi akaleta toroli la udongo, akaumwaga pale penye unyevu na kuukanyagakanyaga. Wiki iliyofuata palikuwa pakavu. Unyevu ulikuwa umehamia hatua chache pembeni. Aliuona, akajifanya hakuuona.

Kisha mvua zikaja kwa fujo, zikanyesha karibu wiki nzima. Jumapili jua likatoka, na ndugu wakamiminika na taulo zao. Watoto walikuwa mtumbwini, Mama akiogelea zake kuelekea kwenye tuta. Kwa kawaida akifika pale ilibidi anyooshe mkono wote ili aguse juu. Safari hii aliweka kiwiko juu ya tuta kama mtu aliyeegemea meza.

"Fundi!" alipaza sauti. "Maji yamefika juu!"

Fundi alikimbilia mfereji. Wavu wake ulikuwa umejaa majani na vijiti, umeshonana kama godoro. Hakukuwa na maji yanayopita isipokuwa machozi machache pembeni.

Mama alikuwa ameshatoka majini, gauni linachuruzika. "Watoto wote kilimani, kwenye nyumba! Hakuna kurudia viatu!" Akanyakua simu, akampigia mdogo wake. "Toka nyumbani. Panda huku juu sasa hivi."

"Dada, nina sufuria jikoni."

"Zima moto, acha sufuria, njoo!"

Fundi alirudi na koleo la gereji, akaanza kukata waya huku amepiga magoti topeni. Wanaume wawili wa ukoo walivuta majani kwa majembe. Waya wa mwisho ulipokatika, wavu uliruka na maji yakapita kwa kishindo, na samaki wakapita pamoja nayo. Wote walisimama kilimani wakitazama. Polepole maji yakaanza kushuka. Tuta lilisimama.

Jioni ile, maji yalipotulia, shemeji alishuka kuangalia kwake, akarudi na beseni kichwani. Alilitua mbele ya Fundi. Lilikuwa limejaa samaki.

"Shemeji, samaki wako wamekuja kunisalimia. Wengine nimewaacha kwenye kabichi, wanazunguka."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Fundi hakucheka. Alikuwa ametoka kuangalia kitako cha tuta, na kilichokuwa kikitoka pale sasa hakikuwa unyevu. Ulikuwa mchirizi wa maji ya kahawia.

"Shemeji," alisema, "muda wote huu unalala chini ya bwawa langu, na sijakuuliza hata mara moja kama unalala vizuri."

"Nalala fofofo," akajibu. "Na hilo ndilo linalonitisha leo."

"Basi leo hulali kule. Utalala hapa kwetu, wewe na kuku wako."

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa mlangoni pa ofisi ya maji kabla haijafunguliwa. Alirudi na mhandisi, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na mwepesi wa kucheka. Aliomba glasi jikoni, akakinga maji kwenye mchirizi, akaiinua juani.

"Mzee wangu, yangekuwa safi, tungeyaangalia tu. Haya yana tope. Maana yake yanalibeba tuta lako kidogo kidogo, kutoka ndani."

"Nikiziba kwa nje?"

"Yatatafuta pengine."

"Yalishatafuta," Fundi akakiri.

Mhandisi aliuliza kama waling'oa visiki na majani kabla ya kuweka udongo. Fundi alimtazama dereva wa katapila, aliyekuwa ameitwa pia, na dereva akatazama mawingu.

"Ushauri wangu, limwageni bwawa lote," mhandisi akasema. "Lakini taratibu, siku baada ya siku. Mkilimwaga kwa pupa, udongo uliolowa upande wa ndani utaporomoka. Halafu mlifungue hapa muone kuna nini."

"Nilimwage bwawa la mke wangu?"

Mama akadakia, "Limwage. Nimeoga kwa ndoo miaka yote ile, msimu mmoja hautaniua."

Wakalimwaga kwa bomba, siku baada ya siku. Samaki waliobaki walihamishiwa kwenye mapipa ya mtumbwi. Walipochimba tuta, walikuta kisiki kilichooza, na kando yake tundu lililopenya kuelekea ndani. Fundi alilala kifudifudi kama zamani chini ya malori, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa. Alipogeuka alikuwa na tope hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alikuwa anatabasamu.

"Nimeupata ugonjwa!" akasema. "Mama, njoo uweke mkono!"

Tuta lilijengwa upya. Safari hii udongo wa mfinyanzi uliwekwa tabaka jembamba, ukanyunyiziwa maji, ukashindiliwa, ndipo likaja tabaka jingine. Dereva alilalamika kwamba amezunguka mpaka kichwa kinamuuma, na Fundi akamwambia azunguke tena. Mfereji ulipanuliwa, ukapandwa nyasi, na hakuna aliyethubutu kutaja neno wavu. Chini kabisa waliweka bomba lenye koki ya kufungulia maji siku ya dharura, na Fundi akawa anaipaka grisi kila wiki ingawa hakuna aliyeigusa.

Mvua za msimu uliofuata zilipojaza bwawa, maji ya ziada yalipita mfereji kwa utulivu, upana wote, hadi kijitoni, mbali na kabichi. Samaki kadhaa waliondoka nayo. Fundi aliwapungia mkono.

Jumapili moja mhandisi alikuja kama mgeni, na mumewe na mabinti zake. Wote walikuwa majini isipokuwa Fundi.

"Mzee wangu, bwawa zuri namna hii na wewe huingii?" mhandisi aliuliza.

Fundi alikohoa. Akatazama benchi, akatazama buti zake. "Mimi sijui kuogelea."

Mama, aliyekuwa katikati, aligeuka. "Unasemaje?"

"Sijui. Sijawahi kujua."

"Miaka yote hii! Mimi nikadhani unaona haya kwa ajili ya kipara!" Alicheka hadi akameza maji, na shemeji ikabidi ampige mgongoni. Kisha alikuja hadi penye kina cha kiuno, akanyoosha mikono yote miwili.

"Vua buti. Njoo."

Aliingia akiwa na shati lake, hatua moja moja, ameng'ang'ania vidole vya mkewe.

"Sasa inua miguu."

"Na nikizama?"

"Nimekushika, Fundi. Inua."

Akavuta pumzi, akafumba macho, akainua.