Vitunguu vya Mama Mkwe na Kichwa cha Mwalimu Mkuu

Baka la kwanza aliliona msusi wangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya saluni yake hapa Ihanja, ananifumua ili anisuke upya, mara mikono yake ikasimama.

"Mwalimu, hapa nyuma ya sikio umenyolewa?"

"Ninyolewe na nani?"

Akapiga picha kwa simu, akanipa nitazame. Palikuwa peupe, laini kama kiganja, ukubwa wa kizibo cha soda. Wiki tatu baadaye mabaka yalikuwa matatu.

Mwaka ule nilikuwa nimepewa ukuu wa shule bila kuuomba. Mwenzangu aliyekuwa mkuu alihamishwa ghafla, nikakabidhiwa funguo, mafaili na darasa la saba lililobakiza miezi michache kufanya mtihani. Mume wangu ni dereva wa lori. Akilala karibu na nyumbani, basi ni Shelui, kwenye kituo cha malori. Nilikuwa naamka alfajiri kifua kinadunda, nawaza madawati, vyoo, chakula cha wanafunzi. Changu mwenyewe nilikuwa nasahau kula.

Daktari wa kituo cha afya alinipapasa kichwa, kisha akaniuliza habari za usingizi na kazi kuliko habari za nywele. Akasema hizo si fangasi, ni msongo wa mawazo, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe mtu akitulia. Nilitoka pale nimenuna. Kutulia kunauzwa duka gani? Nikapita sokoni nikanunua vilemba viwili.

Mume wangu siri haimkai. Alimpigia simu mama yake kule Kintinku, na Jumamosi mama mkwe akashuka kwenye basi na kiroba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua kilemba nione."

"Mama, hapa stendi kuna wazazi wa wanafunzi wangu."

"Basi tutembee haraka."

Ndani ya kiroba mlikuwa na majani ya shubiri, chupa ya mafuta ya nyonyo aliyoyatengeneza mwenyewe, na vitunguu vyekundu vya kutosha harusi. Alitwanga kitunguu, akachuja maji yake kwa kitambaa, akanipaka kwenye mabaka. Siku ya kwanza yaliniwasha mpaka nikakimbilia ndoo. Kesho yake akayachanganya na maji. Baada ya kuosha alipaka ute wa shubiri, halafu mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu, akisugua polepole kwa ncha za vidole.

Sharti lake lilikuwa moja: saa kumi jioni niwe nimekaa mkekani, kati ya magoti yake.

"Simu iache ndani. Dawa hii haipendi kelele."

Akawa ananisimulia alivyoolewa, jinsi alivyounguza ugali wa kwanza mbele ya wakwe. Siku ya nne nilisinzia kichwa kikiwa mapajani mwake, nikaamka jua limezama. Sikumbuki lini nilikuwa nimelala hivyo.

Shida ilikuwa harufu. Mwalimu wa hisabati aliuliza ni nani anapika ofisini. Mtoto wa darasa la kwanza alinisogelea, akanusa, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, unanukia kachumbari."

Ukafika mkutano wa wazazi. Tulikaa nje kwa sababu hakuna darasa la kuwatosha, na upepo wa kwetu hauombi ruhusa. Nikiwa katikati ya maelezo ya uji na makande, ukanyakua kilemba changu ukaenda kukinasisha juu ya ukuta wa choo cha wavulana. Nikabaki na mabaka yangu, sasa yameshafika matano, yanang'aa kwa mafuta. Machozi yalikuwa yameshafika machoni.

Mama mkwe, aliyekuja mkutanoni ingawa hakuwa na mtoto pale, akasimama kule nyuma.

"Ndiyo, zimemtoka. Anawawazia watoto wenu. Endelea, mwanangu."

Nilianza kucheka mimi. Mfugaji mmoja mzee akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sina swali la makande. Umeshajaribu mkojo wa ndama?"

Mkutano ukalipuka. Mama mmoja akataja muarobaini, mwingine akasema muarobaini unakausha ngozi, wa tatu akataka nile mlenda kila siku. Mama mkwe aliwajibu mmoja mmoja, mikono kiunoni. Katibu akaninong'oneza, "Haya nayo niyaandike kwenye muhtasari?"

"Andika."

Kelele zilipotulia, fundi seremala mmoja alisema madawati mabovu aachiwe yeye na wenzake. Akina mama wakagawana zamu za kusimamia jiko. Mambo niliyokuwa nayahesabu peke yangu kila alfajiri yalipata wenyewe wa kuyabeba mchana mmoja, na sikuwa nimewahi hata kuwaomba. Kuanzia siku ile nilikwenda shule kichwa wazi.

Baada ya miezi miwili hivi vikaota vinyweleo vyeupe kama nyuzi za pamba. Vikakua, vikabadilika vikawa vyeusi. Darasa la saba walifanya mtihani wao, wakafanya vizuri. Daktari alisema ni muda na usingizi. Mama mkwe alisema ni kitunguu, na mbele yake sikubisha. Mfugaji aliniletea chupa yake. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwagia mgomba.

Siku moja kabla hajarudi Kintinku, nilimwomba mama mkwe akae mkekani, mimi nikakaa kwenye kigoda nyuma yake. Alikataa kidogo, kisha akakaa. Nilimfumua mabutu yake, nikayapasha moto mafuta yaliyobaki, nikaanza kumsugua. Alikuwa ananielekeza: taratibu, rudi nyuma, hapo hapo. Kabla sijafika upande wa pili, maelekezo yakakoma. Alikuwa anakoroma.