Alama ya Chokaa Niliyoifuta Mara Mbili

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapotea njiani, maana mke wangu husema nikitumwa chumvi narudi na habari za ukoo mzima wa muuza chumvi.

Ndugu mnaosoma, mimi ni Mluguru, mzee, fundi wa magobori. Chuoni nilisoma kidogo, nikakimbia fimbo za mwalimu. Jina silisemi. Mtu akinitambua kwa ujinga wangu, basi, nimeshatambulika!

Huku chini ya milima yetu yupo bwana mmoja Mdachi, mwenye shamba la mpira. Ana motokaa ya mashindano, fupi, viti viwili, haina paa, ikinguruma kuku wa Morogoro nzima hawatagi. Fundi wake wa Kizungu kashikwa na homa, kapelekwa pwani, na mashine imejaa mchanga. Bwana akauliza nani anaweza kuifungua aisafishe. Nani akajibu? Mimi! Mtu ambaye hata kuipanda sijawahi!

Sasa niwaeleze, maana hapa ndipo penye msiba. Ndani ya mashine kuna chuma kirefu chenye nundunundu. Kikizunguka, nundu zinafungua na kufunga vilango, hewa iingie, moshi utoke. Kinazungushwa na gurudumu la meno, linalong'atana na gurudumu jingine dogo la chini. Meno yakikutana vibaya, kilango kinafunguka wakati si wake, na pistoni inapanda inakigonga. Jina la Kidachi la chuma hicho bwana alinifundisha. Ulimi wangu ulilikataa.

"Weka alama kabla ya kufungua," akaniambia. Nikaweka. Chokaa kwenye jino la juu, chokaa kwenye pengo la chini linalolipokea.

Dereva wake alikuwa Mayunga, Mnyamwezi, mtani wangu. Tangu aje na reli hatujaamkiana kistaarabu hata siku moja. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyelala ndani ya kaburi akiapa hatoki mpaka apewe kuku. Nilikuwa nalia, nikacheka na kamasi zangu.

Basi akaniona na chokaa yangu.

"Mtumwa wangu," akasema, "hiyo ya nini? Ng'ombe wa kwetu wanarudi zizini bila chokaa! Au hata mlangoni kwako umepaka, usije ukaingia kwa jirani?"

Vibarua wakaangua kicheko. Ah! Kichwa kikanivimba.

"Kaa kando, mbeba mizigo wewe! Akili ya fundi haina haja ya chokaa!"

Nikatia mate kwenye ncha ya shuka, nikafuta. Wao wanashangilia, mimi nafuta!

Kuja kuyarudisha yale magurudumu, lahaula! Jino lolote linaingia pengo lolote, kama mgeni wa Ramadhani, mlango wowote wenye harufu ya futari ni wake. Nikakadiria kwa jicho. Jicho hilohilo lililonichagulia mke wa kwanza, yule aliyeondoka na ngoma zangu. Lakini hayo siyo ya leo.

Kwenye tambarare ikaenda, ikikohoa. "Vumbi hilo," nikasema. Kesho yake bwana akapanda na Mayunga kwenda kumwamkia padri mlimani. Mwinuko wa kwanza tu, kishindo! Motokaa ikarudi kinyumenyume, ikapita kwenye matuta ya maharage, ikakaa kijitoni. Bwana akatoka kwenye tope, masharubu yamelala kama mkia wa mbwa aliyenyeshewa. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakacheka. Nami niliposimuliwa nilicheka, mpaka nikaitwa.

Nikafungua. Mate hayafuti vizuri, jamani! Kwenye kona ya jino ilibaki chembe ya chokaa kama punje ya ulezi, na pengo lake, lenye weupe kidogo bado, liko meno mawili mbali.

Bwana kasimama nyuma yangu. "Mzee, uliweka sawa?"

Mgongo wangu ukaanza kuwashwa na viboko vya bomani kabla havijapigwa. Nikaweka kidole gumba juu ya ile chembe. Nikaifuta.

"Sawasawa, bwana. Labda aliyeendesha aliilazimisha."

Mayunga alikuwepo nilipofuta mara ya kwanza, na hii ya pili aliiona. Akanitazama, akangoja niseme. Nikainamia mashine. Naye, akijua yote, hakunitaja.

Akapigwa viboko hamsa ishirini bomani, akavuliwa kofia ya udereva. Sasa anateremsha mizigo ya mpira kichwani. Mbeba mizigo! Nilimtukana kwa utani, tusi nikalifanya kweli.

Juzi alipita kwangu. Nikatoka na jogoo wangu mwekundu, nikasema, "Haya, mla vya watu, chukua fidia yako!" Nilidhani atanitukana, yaishe.

Akatua mzigo. Akainama.

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo! Mayunga, kwangu mimi!

"Chukua basi huyu jogoo."

"Ahsante, mzee. Sina haja naye." Akajitwisha, akaenda. Nikabaki na jogoo kwapani kama mchuuzi aliyekosa soko.

Kwa bwana sijaenda kusema ukweli. Nasema kesho, nasema kesho, tangu mavuno. Fundi hodari sana mimi!

Enyi mafundi, na msio mafundi: chora alama yako, wakicheka wacheke. Na ukikosea, usimpe mwenzako mgongo wako aubebe.

Mimi jua langu limeshainama. Siku yangu ikifika nitashushwa kaburini upesi upesi, kwa heshima, na hapatakuwa na mtu humo ndani amelala, akidai kuku.