Bwana Shingo na Kahawa za Wageni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyogoma kutoka chumbani wageni wa posa wakiwa wameshaketi.

Miaka hiyo ya themanini gazeti la vichekesho lilitufikia kijijini kwetu Kituntu kwa lori la kahawa, kurasa zimeshachakaa kwa kusomwa. Mhusika wake mkuu aliitwa Bwana Shingo, jamaa mwenye shingo ndefu anayechungulia vyungu vya majirani. Alipendwa huyo, usiseme! Kinyozi alimchora ukutani, madereva wakambandika kwenye malori, vijana wa kwaya wakamwiga hata mazoezini. Nami, kwa shingo hii unayoiona, nikabandikwa jina lake. Niliumia, mwanangu. Nilijifunga kitambaa shingoni hata jua la utosi.

Siku ya posa, desturi ilinitaka nipige magoti niwapelekee wageni kahawa za kutafuna. Nikasikia kijana mmoja nje akisema, "Leo Bwana Shingo anaolewa!" Nikaketi chini, kikapu cha kahawa mapajani, nikamwambia bibi yangu, "Waambie waende zao." Na mchumba mwenyewe nilimpenda, usidhani!

Bibi hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu, yule wa gazetini anachekwa kwa nini?"

"Kwa shingo yake, Bibi."

"Thubutu! Anachekwa kwa kudoea. Wewe umechungulia chungu cha nani?"

Akanifungua kitambaa taratibu, akajifunga yeye kiunoni. "Haya, wageni wanangoja."

Nikatoka, nikapiga magoti. Shangazi yake mchumba alipokea kahawa, akanitazama weee, kisha akasema, "Huyu atawaona wageni wangali bondeni. Ndizi zitabandikwa mapema!" Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, na mara ile utani haukuniuma.

Basi mwanangu, mcheke mtu kwa tabia yake, maana tabia anaweza kuiacha. Umbo la mtu usiliguse, hujafa hujaumbika. Nawe ukichekwa, jiulize kwanza umechungulia chungu cha nani. Kama hakuna, inua kichwa upite.

Mpaka leo nikisimama mlangoni, mume wangu huniuliza, "Wameshafika bondeni?" Nami hubandika ndizi huku nacheka. Mungu akujalie nyumba yenye utani wa namna hiyo, na shingo yako isijue kitambaa nilichojifunga mimi.