Verona Aanika Nguo Mlimani

Verona Hudak alikuwa dobi, na kufua nguo chini ya kiwanda cha chuma cha Pensilvania ni sawa na kufagia upepo. Mimi niliwauzia sabuni wanawake wa kichochoro kile, sina sababu ya kumpamba. Alikuwa mbishi, na kwa kupatana bei alinishinda.

Mumewe aliungua akafa kwenye tanuru. Kiwanda kikatoa jeneza, basi. Na tusidanganyane, chuma kile kilituletea reli, madaraja, na taa za umeme huko mlimani kwa wakubwa. Ila kila tanuru lilipopulizwa, masizi yalitushukia sisi wa bondeni.

Kiangazi cha 1891 meneja, Bwana Thornbury, alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi. Nguo zote za nyumba zilikuwa kwa Verona. Mke wa meneja alishasema: doa moja tu, anatafuta dobi mwingine. Na nyumba ile ndiyo iliyowalisha watoto wa Verona.

Jumatano akafua, akaanika, zikawa kijivu. Alhamisi vilevile. Ijumaa akafua tena, akanisimamisha.

"Bwana Sabuni, lete kigari."

"Nikupimie ngapi?"

"Nani kakuomba sabuni? Nataka kigari. Napeleka nguo kwenye hewa safi. Wameihamishia yote kule juu."

Tukakisukuma kupanda mlima, wanawake wa kichochoro nyuma yetu wakicheka. Verona akafunga kamba kati ya miti ya bustani ya meneja, akaanika. Wageni wa harusi walikuwa wameshafika, wako barazani na glasi mkononi.

Meneja akatoka. "Wewe mama, nini hiki?"

"Nguo zako, bwana. Zinakauka."

"Mbele ya wageni wangu?"

"Kwangu zinavuta moshi. Na moshi wenyewe si wangu."

"Ziondoe. Nitakupa bakshishi."

"Bakshishi kaa nayo. Pigeni honi kabla ya kupuliza tanuru, tuwahi kuanua. Mvuke wa kuipigia mnao."

"Nikikataa?"

"Jumatatu tunaanika wote hapa. Bustani pana hii."

"Inatutosha!" wakaitikia wenzake getini.

Meneja akatazama suruali zake za ndani, zikipepea puani pa mkwe mtarajiwa.

"Haya. Honi mtapata."

Nguo zilikauka palepale, nyeupe pe, na kazi ikabaki ya Verona.

Jumatatu asubuhi honi ikalia. Milango ikafunguka kwa pamoja, wanawake wakatoka mbio, wengine povu hadi viwikoni, wakinyakua mashuka na kupigana vikumbo. Masizi yakaja, yakakuta kamba tupu.