Dada Niliyeunganishwa Naye

Baba mdogo alinikabidhi ukoo mzima akiwa amesimama mlangoni, buti zake zimejaa udongo wa shamba la kabichi.

"Wewe si unaandika vitabu, na mume huna," alisema. "Basi tuandike sisi."

Vijana wetu wametawanyika Tanga, Dar es Salaam na Arusha, na muda si mrefu kabla ya hapo binamu wawili walikuwa wamefika hadi hatua ya kuposana ndipo shangazi akashtuka kwamba ni ndugu. Baba mdogo hakutaka jambo lile litokee tena. Alitaka kijana yeyote aweze kuandika jina lake kwenye simu na kuona damu yake inapita wapi.

Nilikuwa nimerudi kwa mama, kwenye mlima ulio juu ya mji wa Mlalo, kumalizia riwaya iliyokataa kumalizika. Kazi hii ilinipa sababu nzuri ya kutoigusa. Nikachagua hifadhidata ya grafu, ile ambayo kila mtu huwa nukta, na undugu huwa mstari unaotoka nukta moja hadi nyingine. Ndugu walinitumia taarifa zao kwa simu, nami nikaziandaa katika mafaili mawili, moja la watu na jingine la mistari, ili nipakie yote kwa mkupuo. Kila mtu nilimwekea mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kifo kama amefariki, na nafasi ya maelezo, mambo mawili matatu ya kumkumbuka nayo.

Nukta inahitaji kitambulisho kisichofanana na cha nyingine, maana bila hicho mstari haujui uanzie wapi na uishie wapi. Sikutaka kuwapa watu wangu namba. Niliona ni kama kuwafunga jela. Nikatumia jina la mtu na jina la baba yake.

Programu ikakataa: vitambulisho vinajirudia. Nikadhani ni uchafu wa kawaida, na uchafu kweli ulikuwepo. Shangazi mmoja, kwa mfano, alikuwa amegeuka watu wawili kwa sababu mahali fulani niliacha nafasi tupu mwishoni mwa jina lake. Nikasafisha. Vilivyobaki vinajirudia nikaiamuru programu ivichukulie kuwa mtu mmoja aliyetajwa na ndugu tofauti, iviunganishe. Ikatii bila kelele.

Nikaiomba inionyeshe mababu wa marehemu baba yangu. Mstari ukapanda hadi kwa baba yake, na kutoka pale ukarudi kwake mwenyewe, ukapanda tena, ukarudi tena. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hiyo majina mawili hupokezana kizazi baada ya kizazi. Jina la baba yangu na la baba yake ni yale yale ya babu yake na baba wa babu yake. Kompyuta ilikuwa imemfanya baba yangu na babu yake kuwa mtu mmoja.

Baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe kaka ni babu yangu. Ndiyo maana alikuwa ananituma sana."

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeutazama ule mduara asubuhi nzima, ukungu umeziba madirisha, na nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba hakuna aliyewahi kutoka katika ukoo huu.

Nikakubali namba. Nikapitia walewale waliounganishwa, jozi moja baada ya nyingine, nikiwatenganisha, mpaka nikafika kwenye jina langu.

Nukta yangu ilikuwa na tarehe ya kifo.

Niliondoa mkono kwenye kompyuta. Kisha nikaelewa. Shangazi alikuwa ametuma taarifa za dada yangu, mtoto aliyechukuliwa na maji ya mfereji kabla sijazaliwa. Nilipokuja mimi, nilipewa jina lake. Baba ni yule yule, jina ni lile lile, hivyo tuliunganishwa, na kifo chake kikaandikwa kwangu. Haya yote niliyajua tangu utotoni, ila sikuwahi kuyaona yameandikwa.

Kumtenganisha ni kazi ndogo. Tatizo lilikuwa mama. Mama hajawahi kusema alizaa mabinti wawili. Husema alimpata binti, binti akaondoka, kisha akarudi. Ndivyo alivyoweza kuishi. Nikimpa dada namba yake, simu zote za ukoo zitasema yule hakurudi.

"Muulize mwenyewe," baba mdogo alisema, sasa bila utani. "Asije akasikia kwa watu."

Nilimkuta jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda.

"Mama, nataka kumwandika peke yake."

"Nani?"

"Yule wa kwanza."

Vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe. "Hiyo kompyuta yako inasemaje?"

"Inasema mimi na yeye ni mmoja."

"Basi ina akili kukushinda."

"Inasema pia nimekufa."

Ungo ukatulia. Mama akasema neno kwa Kishambaa, la kufukuza kitu, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Litoe hilo."

"Siwezi kulitoa tu, mama. Lina mwenyewe."

Moto ulihitaji kuchochewa, naye hakuuchochea.

"Mpe lake," alisema.

Tukaanza kugawana. Nilimsomea maelezo ya ile nukta, niliyokuwa nimeyaandika mwenyewe kuhusu mimi, na mama akasema lipi ni la nani. Kovu la uji ni langu, mkononi lipo. Kuogopa bata mzinga, lake. Kulala na kanga ya bibi mdomoni, lake. Nilikuwa nimewasimulia watu hadithi ya kanga ile maisha yangu yote.

"Kusimama kwenye mfereji," nikasoma, "na jani la gimbi kichwani, mvua inanyesha, mama anacheka."

Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza. Nahisi hadi leo maji yale kwenye vifundo vya miguu.

Mama alinitazama kama anayetaka kunihurumia. "Wewe sikuwahi kukuacha usogelee mfereji," alisema. "Ningewezaje?"

Nikaihamishia kwa dada.

Nikapakia upya. Chini ya mama zikatokea nukta mbili zenye jina moja, kila moja na mstari wake. Mama akasogea, akaziangalia kwa muda mrefu, halafu akauliza ni ipi kati ya hizo ambayo ni mimi.

Programu huzipanga inavyotaka. Ilinibidi nibonyeze kwanza ndipo nami nijue.